Darubini kubwa ya lenzi nyumbani: jinsi ya kuanza ukiwa karibu na ikweta

Darubini yangu ilifika nyumbani, nje kidogo ya mji wa Jinja nchini Uganda, ikiwa katika masanduku matatu yaliyofungwa kamba nyuma ya pikapu, na kabla sijafungua hata moja jirani alikwisha kuuliza kwa upole kama tumefiwa. Sanduku refu kuliko yote lilifanana kweli na jeneza la mtoto. Ndani yake mlikuwa na bomba jeupe lenye lenzi ya kipenyo cha milimita 150 na urefu wa fokasi, yaani umbali kutoka lenzi hadi pale mwanga unapokutana, wa milimita 1,200, pamoja na kijitabu cha maelekezo ambacho ukurasa wake wa pili ulinitaka nielekeze mhimili wa stendi kwenye nyota ya kaskazini, ile ambayo mabaharia wa pwani waliita Kutubu. Jinja iko chini ya nusu digrii kaskazini ya ikweta. Kutubu hapa imelala kwenye upeo wa macho, nyuma ya migomba ya watu, na sijawahi kuiona nikiwa nyumbani.

Nasimulia hilo mapema kwa sababu ndilo lililonisumbua kuliko mengine yote. Kuchungulia ndani ya darubini kubwa ya lenzi si kazi. Kazi ni kuiweka ikubaliane na anga linalopita utosini, katika hewa yenye unyevu wa ziwa, wakati maelekezo yaliyomo sandukuni yameandikwa kwa ajili ya mtu anayeishi Ulaya. Yafuatayo ni mambo ambayo ningependa mtu angeniambia kabla ya usiku wa kwanza.

Anza kwa kukijua chombo chenyewe. Darubini ya lenzi hukusanya mwanga kwa lenzi kuu iliyo mbele na kuupeleka moja kwa moja hadi nyuma, ambapo lenzi ndogo ya jicho huikuza taswira. Darubini ya kioo, kwa upande wake, huupokea mwanga kwa kioo kilichobonyea kilicho chini ya bomba na kuurudisha mbele. Galileo alitumia darubini ya lenzi mwaka 1610 alipoiona miezi minne ya sayari ya Mshtarii, na darubini kubwa kuliko zote za aina hii zilizofanya kazi ya utafiti, ile ya Yerkes nchini Marekani iliyofunguliwa mwaka 1897, ina lenzi yenye kipenyo cha takribani mita moja. Watafiti hawakuendelea zaidi ya hapo, kwa kuwa lenzi hushikiliwa pembeni tu, na ikizidi kuwa kubwa huanza kupinda kwa uzito wake yenyewe. Kwa matumizi ya nyumbani milimita 150 tayari ni kubwa. Hupokea mwanga zaidi ya mara 400 ya ule unaopita katika mboni ya jicho iliyofunguka kwa milimita 7, na hewa ikitulia huweza kuonyesha Mwezini mambo yenye ukubwa wa kilomita mbili hivi.

Ukuzaji hupatikana kwa kugawanya urefu wa fokasi wa bomba kwa ule wa lenzi ya jicho. Kwa bomba langu, lenzi ya milimita 25 hukuza mara 48, ya milimita 10 mara 120, na ya milimita 6 mara 200. Kiwango cha juu chenye maana ni kama mara mbili kwa kila milimita ya kipenyo, yaani mara 300 kwa darubini hii, na usiku mwingi hewa haikuruhusu hata kufika huko. Sanduku likikuahidi mara 600, puuza maandishi hayo. Ni ya kuuzia.

Sasa tuje kwenye stendi, ambako ndiko fedha na uvumilivu hupotelea. Stendi inayoitwa ya ikweta ndiyo isiyopenda kufanya kazi kwenye ikweta. Imeundwa iwe na mhimili mmoja uliolala sambamba na mhimili wa Dunia, ili mtu aweze kuifuata nyota kwa kuzungusha skrubu moja tu. Mhimili huo hutakiwa kuinuliwa kwa digrii sawa na latitudo ya mahali ulipo: London ni digrii 51 na ushei, Nairobi ni kama digrii moja na robo kuelekea kusini, na hapa kwetu ni karibu na sifuri, maana yake mhimili unapaswa kulala kama boriti ya dari. Stendi nyingi za aina hii zina skrubu inayogota kabla ya kufika huko. Yangu iligota kwenye digrii 15, na nilipojaribu kuilazimisha, chuma kinachobeba mawe ya kusawazisha kilikutana na mguu wa stendi na kukataa kuzunguka. Kabla hujanunua, muulize muuzaji swali moja tu: inashuka hadi digrii ngapi? Akisita, usilipe.

Una njia mbili. Ya kwanza, ambayo ningemshauri kila anayeanza, ni kutumia stendi ya kawaida inayokwenda juu na chini, kushoto na kulia, mradi iwe imetengenezwa kubeba uzito wa kilo kumi na zaidi na iwe na skrubu za kusogeza polepole. Hapa kwenye ikweta stendi hiyo ina starehe ambayo watu wa mbali hawaijui. Nyota zinazochomoza mashariki hasa hupanda wima kama mtu anayekwea mnazi, hupita utosini, kisha hushuka wima upande wa magharibi. Kwa hiyo kwa saa kadhaa utagusa karibu skrubu moja tu, ile ya juu na chini. Taabu huja nyota inapofika utosini, kwani pale stendi hulazimika kugeuka nusu duara kwa ghafla na wewe huipoteza nyota yako. Dawa yake ni kupanga muda. Anga huzunguka digrii 15 kwa saa, hivyo kitu unachokitaka kitazame saa moja kabla hakijafika utosini, au kisubiri saa moja baada ya kupita.

Njia ya pili ni kuitengenezea stendi ya ikweta kabari ya chuma chini yake, ili ipate kulala inavyotakiwa. Fundi yeyote wa kuchomelea anaweza kuikata kabari hiyo ukimpa digrii zake, na hapo ndipo ikweta inapogeuka kuwa rafiki: badala ya kuhangaika na Kutubu isiyoonekana, unaweka pima maji ya fundi ujenzi juu ya mhimili, unaulaza sawasawa, na nusu ya kazi imekwisha. Nusu iliyobaki ni kupata kaskazini. Dira ya simu inasaidia, lakini isogeze mbali na chuma, kwa sababu bomba la stendi huivuta. Mimi niliamini zaidi kivuli. Ning'iniza timazi, weka alama kwenye ncha ya kivuli asubuhi, kisha subiri alasiri mpaka kivuli kiwe na urefu uleule. Mstari unaounganisha alama hizo mbili huenda mashariki na magharibi, na ule unaoukata kwa pembe mraba ndio wa kaskazini na kusini. Kumbuka kwamba Jua hapa Jinja hufika kileleni karibu saa saba mchana na wala si saa sita kamili, kwa kuwa saa zetu hufuata longitudo ya digrii 45 ambayo iko mbali mashariki mwetu. Karibu na tarehe 20 Machi na 23 Septemba ncha ya kivuli husafiri mchana kutwa katika mstari karibu ulionyooka kutoka magharibi hadi mashariki, na kazi hiyo huwa ya mtoto wa shule.

Baada ya stendi kuna suala la kimo, ambalo hakuna picha ya matangazo inayolionyesha. Lenzi nzito ya darubini hii iko mbele, hivyo bomba husawazika likiwa limeshikwa karibu zaidi na mbele, na sehemu ya nyuma hubaki ndefu. Ukilielekeza bomba juu, lenzi ya jicho hushuka sana. Kwa mtu wa Ulaya, anayetazama mambo mengi yaliyo katikati ya anga, hilo ni usumbufu mdogo. Kwetu, ambako Mwezi na sayari hupita karibu na utosi, ni mateso ya kila usiku. Jioni ya kwanza nilitandika mkeka nikalala chali chini ya bomba kama fundi wa magari, na hata hivyo shingo iliuma kwa siku mbili. Kioo cha kona, kile kinachopinda mwanga kwa digrii 90 kabla ya lenzi ya jicho, si nyongeza bali ni lazima, na hata ukiwa nacho bado utahitaji kuinua stendi.

Nilimwendea fundi wa kuchomelea. Kampala watu huenda Katwe kwa kazi za namna hii, lakini kila mji una wake. Tulikata bomba la chuma la inchi sita lenye urefu wa mita moja na nusu, tukachomelea bamba juu na bamba chini, tukalifunga kwa bolti kwenye zege nililomimina nyuma ya nyumba, kisha nikalijaza mchanga mkavu. Fundi alidhani mchanga ni wa kuwachosha wezi. Kazi yake hasa ni kuua mtetemo: chuma kitupu hulia kama kengele ukikigusa, na kwa ukuzaji wa mara 200 mtetemo mdogo kiasi hicho hulifanya tundu la Mwezini licheze ngoma. Kipimo ni rahisi. Gonga bomba kwa kidole ukiwa unachungulia. Taswira ikitulia ndani ya sekunde mbili au tatu, stendi inafaa, na ikizidi sekunde tano utajuta kila unapogusa skrubu ya fokasi. Ukiwa na miguu mitatu ya kawaida, usiirefushe hadi mwisho, na ning'iniza chini yake mfuko wa mchanga. Kiti nacho ni sehemu ya darubini. Mimi ninacho kigoda kifupi na kiti cha jikoni, na hubadilisha kulingana na kitu ninachokitazama.

Mahali pa kuiweka pana masharti yake. Epuka kutazama juu ya paa la mabati la nyumba yako au ya jirani, kwa kuwa mabati yaliyochomwa na Jua mchana hutoa joto mpaka usiku, na hewa inayopanda juu yake hutikisa taswira kama moshi wa sigiri. Nyasi ni bora kuliko saruji kwa sababu hiyohiyo, na pia haipitishi kishindo cha miguu. Kwa sisi tulio kaskazini ya Ziwa Victoria, upande wa kusini ni mzuri kwa giza na mbaya kwa hali ya hewa: hakuna taa za mji juu ya maji, lakini ngurumo za ziwa hupenda kukua usiku na alfajiri, na radi huimulika kusini yote hata pale ambapo juu yako kuna nyota tele. Miezi ya Juni hadi Agosti, na Desemba hadi Februari, ina mawingu machache, ingawa moshi wa kuchoma mashamba na vumbi huifanya mbingu kuwa ya kijivu karibu na upeo. Usiku safi kuliko wote niliowahi kuupata ulikuja baada ya mvua ya jioni iliyoosha hewa. Umeme ukikatika, usinung'unike. Toka nje haraka. Novemba ni mwezi wa kuvumilia, kwani ndio msimu wa nsenene, panzi wanaoliwa, na wavunaji huwasha taa kali mbele ya mabati yaliyosimamishwa juu ya mapipa, nazo huifanya mbingu ya mtaa mzima kuwa kama ya uwanja wa mpira. Sina la kusema dhidi yao. Nsenene wa kukaanga ni watamu, na anga litarudi Desemba.

Kabla ya usiku wowote, ifanyie darubini kazi ya mchana. Darubini ndogo ya kulengea, iliyo juu ya bomba, haina faida mpaka iwe inatazama mahali palepale ambapo bomba kubwa linatazama. Chagua mnara wa simu ulio mbali, walau kilomita moja, uweke ncha yake katikati ya lenzi kubwa kwa ukuzaji mdogo, kisha kaza skrubu za darubini ndogo mpaka ncha hiyo iwe kwenye msalaba wake. Usistaajabu mnara ukionekana umesimama wima lakini kushoto kumekuwa kulia. Kioo cha kona hufanya hivyo, na ramani yoyote ya Mwezi utakayoitumia itabidi uisome ukilijua hilo.

Katika kazi hiyo ya mchana kuna hatari moja isiyo na mzaha. Darubini hii ikielekezwa kwenye Jua bila kichujio maalumu kilichofungwa mbele ya lenzi kuu, hupofusha jicho papo hapo na bila maumivu ya kumwonya mtu, na darubini ndogo ya kulengea nayo hufanya vivyo hivyo. Vichujio vidogo vinavyofungwa kwenye lenzi ya jicho visitumike hata kidogo, kwa sababu joto la lenzi ya milimita 150 hukusanyika palepale na kuvipasua. Wengi wetu tunakumbuka tarehe 3 Novemba 2013, Jua lilipopatwa kikamilifu kwa muda mfupi kule Pakwach, na tarehe 2 Agosti 2027 Uganda itaona tena kupatwa kwa sehemu. Siku ya namna hiyo watoto wa mtaa mzima watakuja kwako. Kama huna kichujio cha mbele, funika darubini zote mbili na uziache ndani ya nyumba.

Kuhusu majirani, nenda kwa Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, kabla wao hawajaenda. Bomba jeupe lenye urefu wa zaidi ya mita moja, linaloelekezwa juu usiku na mtu mwenye taa nyekundu kichwani, halifanani na kitu cha amani, na kama unaishi karibu na kambi ya jeshi au uwanja wa ndege jambo hilo lina uzito zaidi. Mimi nilimwalika Mwenyekiti wetu aje atazame Mwezi. Alitazama kwa muda mrefu bila kusema neno, kisha akauliza, "Kijana, na Kisumu inaonekana?" Nilimweleza, kwa heshima, kwamba mviringo wa Dunia umeificha. Tangu siku hiyo hakuna aliyeniuliza tena ninafanya nini nje usiku.

Usiku wa kwanza, fuata mpangilio huu wa kufunga vyombo, na ukitaka kufungua uurudie kinyume: stendi kwanza, kisha mawe ya kusawazisha, na bomba mwisho kabisa. Nilipokuwa nafungua mara ya kwanza nilitoa mawe kabla ya bomba, na bomba likaangukia bega langu kwa uzito wake wote. Lenzi ilisalimika kwa sababu bega lilikuwepo. Bomba langu lina kilo tisa hivi pamoja na pete zake, na si zito kwa mtu mmoja, lakini urefu wake hulifanya ligeuke mikononi kama ngazi, kwa hiyo mwite mtu wa pili. Likishafungwa, legeza vibano na ulisogeze mbele au nyuma katika pete mpaka likae lilipoachwa bila kushikwa, ukiwa tayari umeweka kioo cha kona na lenzi ya jicho nzito kuliko zote ulizonazo. Kisha liache nje nusu saa ili kioo kilingane na hewa. Hapa kwetu joto la usiku halishuki sana, na muda huo unatosha.

Anza na lenzi ya jicho ya milimita 25. Kosa la kila mtu, na langu pia, ni kuanza na ndogo kuliko zote ili kuona makubwa. Utaona giza tu, kwa sababu eneo linaloonekana ni dogo mno na hujui fokasi iko wapi. Zungusha fokasi polepole mpaka nyota inayoonekana kama sahani ijikusanye kuwa nukta. Nukta hiyo ndiyo sifa kuu ya darubini ya lenzi. Hakuna kioo cha pili, kama kile cha darubini za kioo, kinachoziba katikati ya mwanga, kwa hiyo nyota huwa kali kama tundu la sindano kwenye karatasi nyeusi, na kiza kilicho pembeni yake ni kiza kweli.

Mwezi ndio uanze nao, lakini usiusubiri uwe mpevu. Mwezi mpevu hauna vivuli na huchosha jicho. Ule wa siku saba hadi kumi una mpaka wa mwanga na giza, na kando ya mpaka huo kila tundu lina ukuta na kila mlima una kivuli. Nilikuwa nimesoma kwamba tundu la Copernicus lina upana wa kilomita 93, takwimu ambayo haikuwa na maana yoyote kwangu mpaka nilipoona ngazi za kuta zake zikishuka moja baada ya nyingine hadi kwenye sakafu yenye vilima katikati. Nilisahau kubadilisha lenzi kwa muda wa saa nzima.

Ukingo wa Mwezi huohuo ndio utakaokuonyesha kasoro ya darubini hii. Lenzi hupinda rangi tofauti kwa kiasi tofauti, kwa hiyo kila kitu chenye mwanga mkali, kama ukingo wa Mwezi, Zuhura, Mshtarii au nyota ya Sirius, huzungukwa na utando wa zambarau. Tangu karne ya 18 watengenezaji huunganisha vioo viwili vya aina tofauti ili kupunguza kasoro hiyo, na darubini nyingi kubwa za bei inayofikika zimetengenezwa hivyo, lakini kwa kipenyo cha milimita 150 na bomba fupi kiasi hiki, rangi haiishi kabisa. Zile za vioo maalumu zinazoiondoa hugharimu mara kadhaa zaidi. Usiku wa kwanza nilifikiri nimeuziwa kitu kibovu. Sasa nina dawa mbili: kichujio cha njano hafifu kwenye lenzi ya jicho, au kifuniko cha kadibodi chenye tundu la milimita 100 mbele ya lenzi kuu. Cha kadibodi hakigharimu chochote, na kwa Mshtarii hunipa mikanda ya mawingu iliyo safi zaidi, ingawa mwanga hupungua. Kwa nyota hafifu na mawingu ya nyota sikitumii, kwa kuwa huko rangi haionekani na mwanga wote unahitajika.

Mshtarii, hata kwa mara 48, huonyesha miezi yake minne ikiwa imejipanga kama shanga, na ukirudi baada ya saa mbili utaona mmoja amehama. Zohali anahitaji mara 120 na kuendelea. Pete zake zilielekezwa kwetu kwa ubavu mwezi Machi 2025, na tangu hapo zinafunguka kidogo kidogo kila mwaka hadi kufikia upana wake mkubwa mwaka 2032. Anayeanza sasa, na mwakani akatazama tena, ataliona badiliko hilo kwa macho yake.

Baada ya hapo latitudo yetu inalipa deni lake. Januari jioni, Wingu la Jabari, lile lililo chini ya ukanda wa nyota tatu za Orion, hupita digrii chache tu kutoka utosini, mahali ambapo hewa ni nyembamba kuliko kwingine. Kilimia nacho kiko juu kaskazini katika miezi hiyo, na karibu chote hutosha katika lenzi ya milimita 25. Wazee wa pwani walikisoma kama kalenda ya kilimo, wakisema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Mwezi Mei, jioni moja hiyohiyo, Dubu Mkubwa huwa kaskazini na Msalaba wa Kusini huwa kusini juu ya ziwa, wakitazamana, jambo ambalo mtu wa London hawezi kuliona maisha yake yote akiwa kwake. Nyota iliyo chini kabisa ya Msalaba hutengana kuwa mbili kwa mara 120, na Alpha Centauri, ambayo hupanda kama digrii 30 tu kwenda juu, hufanya hivyo pia kwa urahisi. Karibu nayo tafuta Omega Centauri, kundi kubwa la nyota, kwa ukuzaji mdogo. Mwanzoni ni doa la unga; tulia, tazama pembeni kidogo ya doa badala ya katikati, na litaanza kuchambuka kuwa nyota zisizohesabika.

Mwisho, unyevu, ambao ndio adui wa kudumu. Umande hutua kwenye lenzi kuu kabla hujaona umetua popote pengine, na taswira hufifia kana kwamba wingu limepita. Refusha kinga ya umande kwa karatasi nene ya plastiki iliyozungushwa mbele ya bomba, na kama una betri ya sola ya volti 12, mkanda wa kupashia joto unaofungwa kuzunguka lenzi hula umeme mdogo sana. Umande ukishatua, usiufute kwa kitambaa, hata kiwe laini vipi. Ingiza darubini ndani, iinamishe kidogo, iache bila vifuniko mpaka asubuhi, na uifunike ikiwa imekauka kabisa. Ukifunika kioo chenye maji, utaotesha kuvu juu yake, na kuvu huila ngozi nyembamba ya rangi iliyopakwa kwenye kioo, isirudi tena. Weka vifuko vya punje za silika ndani ya sanduku la lenzi za jicho na uvikaushe kwenye moto mdogo kila baada ya wiki chache. Ziba kila tundu la bomba, hata lile dogo la skrubu, kwa maana nyigu wa udongo hawaombi ruhusa.

Mbu wanahitaji uamuzi wa mapema, kwa sababu dawa nyingi za kujipaka zina kemikali ya DEET inayoyeyusha plastiki na kuharibu rangi ya lenzi. Vaa mikono mirefu na soksi, jipake dawa miguuni na shingoni tu, kisha unawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chochote. Wadudu wa ziwani ni shauri lingine: hutoka majini kwa makundi kama moshi, hasa siku zilizo karibu na mwezi mwandamo, yaani usiku uleule wenye giza zuri unaoutaka. Zima taa zote za upande wako wa nyumba, acha moja ikiwaka upande wa pili, na wengi wao wataifuata.

Daftari langu la usiku wa kwanza lina mistari minne, na mmoja wao unasema hivi: "Saa nne usiku, hewa tulivu, Copernicus, mkeka umelowa."